Yaliyopitishwa Kwenye Mengineyo

Barua niliyoiandikia bodi ya shule ilikuwa na mistari sita, na niliiandika upya mara nne. Niliomba kitu kimoja tu: kumbukumbu za mkutano ambapo, kwa mujibu wa ilani iliyobandikwa langoni, wazazi walikubali kwamba wanafunzi wote walale shuleni kuanzia muhula uliofuata. Asiyeweza atafute shule nyingine.

Dada yangu alikuwa kidato cha tatu, na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Akioga maji baridi au akipigwa na upepo wa ziwa, maumivu yanaweza kumshika mifupani, na mama humkanda kwa maji moto mpaka dawa ifanye kazi. Bwenini wanaoga alfajiri, nje, maji ya tangi. Shule nyingine ya kutwa ilikuwa mbali mno kwake.

Nilikuwa na hakika kwamba ilani ile ilidanganya, kwa sababu mkutano huo nilihudhuria mimi. Mama alikuwa amempeleka dada kliniki mjini Homa Bay, nikaenda kwa niaba yake. Sikusikia mtu akitaja mabweni.

Karani wa shule aliisoma barua akiwa amesimama.

"Unazitaka za nini?"

"Sheria hainilazimishi kusema."

"Sheria haifundishwi hapa."

Mwalimu mkuu, ambaye pia ndiye katibu wa bodi, alitoka ofisini kwake aliposikia neno sheria.

"Kijana, umesomea uwakili?"

"Sosholojia, madam."

"Sosholojia. Na hujapata kazi bado."

Karani akacheka, lakini akapiga muhuri kwenye nakala yangu. Nikawakumbusha kwamba sheria ya kupata habari inawapa siku ishirini na moja kunijibu. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu asiyeogopa, na nilipofika barabarani nikagundua nimeikunja nakala mpaka imekuwa ndogo kama tiketi.

Siku zile zilikuwa mbaya. Dada alirudi nyumbani akasimulia kwamba mwalimu wa kemia sasa anamwita "mteja wa wakili". Alisimulia akicheka, lakini ugali hakuugusa.

"Omera, ndugu yangu, wewe utapata kazi Nairobi uondoke," aliniambia. "Mimi ndiye nitabaki nao."

"Unataka niiondoe ile barua?"

"Sijasema hivyo. Nimesema mimi ndiye nitabaki."

Daktari alikuwa ametuambia kwamba wasiwasi nao unaweza kuamsha maumivu. Wiki ya pili yalimshika siku mbili, na hapakuwa na baridi. Mama alimkanda. Mimi nilichemsha maji, nikabeba maji, nikajiuliza kama ni barua yangu ndiyo iliyomlaza pale. Sikuthubutu kumuuliza mtu.

Siku ya kumi na tisa walinipigia simu niende shuleni. Mwalimu mkuu aliniwekea mezani daftari kubwa lenye jalada gumu. Nisome hapo hapo, nisipige picha. Nilisoma nikitafuta uongo. Sala ya kufungua, ilikuwepo. Matokeo ya mtihani, ndivyo yalivyosomwa. Choo cha wasichana, nakumbuka baba mmoja alivyolalamika. Kisha kipengele cha mwisho, Mengineyo, mstari mmoja: shule iwe ya bweni pekee, wazazi wote waliotia sahihi walikubali kwa kauli moja.

Karatasi ya sahihi ilikuwa imebanwa nyuma. Nilikumbuka ilivyopitishwa pamoja na soda, kabla mkutano haujaanza. Jina la mama lilikuwepo, kwa mwandiko wangu.

"Hii ni sahihi ya mama yako?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Ni yangu."

"Na Mengineyo?"

"Nilikuwa nimetoka. Nilidhani imebaki sala tu."

Nilingoja anicheke. Hakucheka. "Wengi walitoka," alisema. "Mvua ilikuwa inakuja."

"Basi waliokubali ni nani, madam?"

Alilifunga daftari polepole. "Andika hilo," akasema, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananitisha au ananishauri.

Niliandika pale pale, kwenye meza ya karani. Kwamba mimi ndiye niliyeandika jina la mama. Kwamba niliondoka kabla ya mwisho. Kwamba mama hajawahi kukubali, na dada ni mgonjwa, barua ya kliniki italetwa kesho. Karani aliisoma barua hiyo akichungulia juu ya bega langu.

"Si ungeanza na hii?"

"Ningeanza na hii, ningekuwa naomba huruma."

"Na sasa unaomba nini?"

Nilimsogezea karatasi apige muhuri.

Jibu la bodi halikuja. Siku ya kufungua shule nilimsindikiza dada. Wenzake walikuwa wamebeba magodoro na masanduku. Yeye alikuwa na mkoba wake wa vitabu.

"Godoro liko wapi?" mlinzi akamuuliza.

"Mimi ni wa kutwa."

"Hakuna wa kutwa tena." Lakini alimtazama kidogo, akaenda ofisini.

"Nenda," dada akaninong'oneza. "Wakikuona watakasirika."

Nilisogea hadi ng'ambo ya barabara, nikasimama nyuma ya kibanda cha mpesa kama mwizi. Mlinzi alichukua muda mrefu. Aliporudi alifungua lango nusu.

"Ingia," alimwambia. "Ya kesho sijaambiwa."

Aliingia bila kugeuka. Mimi nilibaki pale, nikilitazama lango, nikiogopa kwamba nikiondoka watamtoa.