Maji ya Kumezea Dawa

Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliinuka kwenye sinia langu akiwa ameshanawa mikono. Mtu asiniambie alikuwa ameshiba. Hakuwa ametia hata tonge.

Kwetu kisiwani Amu, harusini wanawake hula wanne wanne, sinia moja. Ukishanawa ukakaa, huondoki mpaka umalize. Kuondoka ni kuwatukana uliowaacha. Yeye alikwenda kujibana sinia la pili, wakawa watano, na sisi watatu tukabaki kutazamana juu ya pilau. Hapo nikajua maneno yameshazagaa mtaani.

Yalitoka jikoni kwangu mwenyewe. Alikuja kuazima kinu, akaona vidonge vyangu rafuni, akauliza vya nini. Mimi mjinga nikamweleza yote: utumbo wangu mpana una vidonda, kinga ya mwili wangu ndiyo inayoushambulia, dawa za mwanzo zimeshindwa, na hivi vidonge vinaishusha hiyo kinga ili iniache. Nitavimeza kila siku, pengine miaka, na damu nipimwe mara kwa mara visije vikaniharibia ini. Alitikisa kichwa, akanipa pole, akachukua kinu. Kisha akaenda kutangaza kuwa nina Ukimwi na namficha kaka yake. Na hata ningekuwa nao, lo, ni nani aliyeambukizwa na sinia?

Mume wangu aliujua ukweli, lakini kugombana na dadake hakuwezi. Nami haya ilinishika. Nikavihamishia vidonge chini ya gunia la mchele, nikawa navimeza kwa kujificha, leo navikumbuka, kesho sivikumbuki, mwisho nikaviacha kabisa. Nilijiambia nisipoonekana na dawa, maneno yatakufa.

Maneno hayakufa. Nilikaribia kufa mimi. Damu ilirudi, nikawa silali wala siketi, choo na kitanda, kitanda na choo, mpaka nikavushwa bara, Mokowe, nimelazwa kwenye boti, nikapelekwa Mombasa. Daktari, binti mdogo asiye na mzaha, aliniambia, "Mama, safari hii tumewahi. Ukiziacha dawa tena, utumbo huo tutautoa, na haja utakuwa unatolea kwenye mfuko tumboni." Nililia. Halafu hasira ikanikausha machozi. Nikaapa vidonge nitameza, na yule mwanamke nitamlipa.

Sikumsema kwa mtu. Nilimwamkia, nikamchekea, nikampelekea futari Ramadhani. Mwaka ukapita, damu yangu ikapimwa na kupimwa, utumbo ukatulia. Kisha akaoza bintiye, nikaalikwa, maana asingeweza kutonialika.

Nilikaa na wakwe zake wapya wawili, wanawake wa Faza wenye heshima zao. Mama wa bibi harusi ni lazima ale na wakwe, kwa hiyo nafasi ya nne ikawa yake. Alinyoosha mkono kunawa, akakohoa. Juma zima alikuwa na kifua, nilishasikia. Akakohoa tena, juu ya pilau.

"Wifi," nikasema, na sauti sikuishusha, "utaniwia radhi. Hebu tuondokee. Dawa zangu za utumbo zinashusha kinga, daktari amenikataza kula na mtu anayekohoa. Wewe dawa hizo unazijua, nilikueleza mwenyewe jikoni kwangu."

 Wakwe wakamtazama. Akafungua mdomo, kikohozi kikamtangulia. Akainuka, mikono inadondosha maji, masinia yote yakimwona, na mahali pa kwenda kukaa hana. Wallahi, pilau ile ilikuwa tamu.

Niliposhiba nikafungua mkoba, nikatoa vidonge vyangu, nikaviweka kiganjani mbele ya watu wote. Mkwe mmoja akaniuliza vya nini, nikamwambia vya utumbo, na kwamba siku nilipovificha kwa kuogopa midomo ya watu nilikaribia kuzikwa. Kisha nikageuka mlangoni, alipokuwa amesimama na leso mdomoni.

"Wifi, niletee maji nimeze dawa."

Mwenye shughuli hamnyimi mgeni maji. Alikwenda, akarudi na glasi, akanikabidhi bila kuniangalia usoni. Nikameza kimoja kimoja, polepole, yeye kasimama. Nikanywa mpaka tone la mwisho, nikamrudishia glasi, nikamwomba nyingine.