Kitenge cha Mwimbaji wa Scotland

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na saba, akitaka kuhamia Buffalo kwa mdogo wangu. Sababu? Ninamtia aibu. Napakia maboksi ghalani, South End ya Louisville, hapa Marekani, na naongea kwa sauti kubwa kama bado niko kambi ya wakimbizi Tanzania. Tukapatana: nimpeleke kwanza Columbus akamwone mwimbaji wake wa Scotland. Mama yake mdogo angekuja hapo hapo, na binti aamue aondoke na nani.

Mwimbaji huyo nilimjua kuliko majirani zangu. Habari zake ndizo pekee binti alizonipa bila kununa: alianzia kwenye mabaa ya kwao, wimbo mmoja ukamzungusha dunia, kisha akapasuliwa koo na kampuni ikamtupa. Sasa, kwenye tamasha hilo la Columbus, aliimba mchana wa jua kali, kabla wenye majina hawajafika, watu wakila soseji wamempa mgongo. Nilikasirika kwa niaba yake.

"Mama, plizi, leo ukae tu," binti alininong'oneza kwa Kiingereza.

"Nitakaa, mwanangu."

Nilikaa nyimbo tatu. Kwenye wimbo wa nne sauti yake ilikwaruza, ikakatika, akailazimisha ikapanda. Machozi yakanitoka. Kwetu mwimbaji akikugusa hivyo, unakwenda mbele unamvika kitenge. Nikavua cha mabegani, nikapanda ngazi za jukwaa.

Walinzi wawili wakanidaka. Muziki ukakoma, simu zikainuliwa. Mmoja akapaza sauti: huyu mama amekuja na nani? Binti yangu alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Akatazama chini.

"Niko peke yangu," nikasema kwa Kiingereza changu cha ghalani.

Mwimbaji akaja mwenyewe, akakichukua kitenge, akajifunga ovyo ovyo, akanikumbatia. Uwanja mzima ukapiga makofi. Hapo ndipo binti alipokuja mbio akiwaambia watu, "Ni mama yangu! Ni mama yangu!" Niliumia kuliko waliponishika walinzi.

Nje tulimkuta mdogo wangu kwenye gari lake. Binti akanishika mkono, akaniambia kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwa amenisemesha kwayo mwaka mzima:

"Mama, siendi tena. Turudi nyumbani."

Nilikuwa na hasira, Mungu anisamehe. Nikamfungulia mlango wa gari la mama yake mdogo.