Nilipomwambia Kogo Masikio Yake Yamezeeka

Kwa karibu mwezi mzima nilimwambia nyanya yangu kwamba masikio yake yamezeeka, na yeye akaniamini. Naanza na hilo kwa sababu nikizungukazunguka nitapata tu njia ya kujitetea.

Mimi huchuma chai upande wa Kericho. Nyanya, sisi tunamwita Kogo, anaishi kwetu karibu na Sigor, na ndiye aliyenilea. Kila Jumapili akitoka kanisani hukaa kwa stuli nje ya jikoni, simu yake ya vibonyezo mkononi, akingoja nimpigie. Wengine wote huwa nawatumia ujumbe. Wa kupigiwa ni Kogo peke yake.

Sasa, mimi nina ndoto ya kutangaza redioni. Shule niliachia kidato cha pili lakini sauti ninayo. Tukiwa kwenye mistari ya chai huwatangazia wenzangu habari za uongo, ng'ombe wa nani ameingia kanisani, nani amelala bila kuvua gambuti, nao hucheka mpaka msimamizi anakuja kuangalia vikapu. Kwa hivyo Kogo alipoanza kusema hanisikii, haikunijia kwamba shida inaweza kuwa kwangu. Sauti ya redio itakosaje kusikika?

"Weri, unaongea ukiwa ndani ya shimo?" akaniuliza. Weri ni kijana kwa lugha yetu, ndivyo anavyoniita.

"Niko juu ya kilima, Kogo! Ni masikio yako! Yamezeeka!"

Nilirudia mara tatu, nikipiga kelele, ndipo yakamfikia. Katika yote niliyomwambia siku hiyo, ni hayo tu yaliyofika.

Nikamwandikia shangazi, ambaye anaishi naye boma moja, ampeleke Kogo apimwe masikio. Shangazi akajibu: hapa anatusikia vizuri. Nikamwandikia: ni vile amezoea sauti zenu. Nilijiona mjanja kweli.

Kogo ndiye huanzisha nyimbo kanisani kwetu, tangu kabla sijazaliwa. Hakuna piano, hakuna gitaa. Yeye hushika sauti na wengine wanamfuata. Jumapili ya tatu shangazi aliniandikia kwamba Kogo amemwomba mchungaji atafute mwingine. Anaogopa ataanza wimbo vibaya na asijisikie. Siku hizi anakaa benchi la nyuma, na watu wakiongea nyumbani yeye anatikisa kichwa tu. Nilisoma ujumbe huo nikamhurumia mpaka machozi yakanilenga. Nilimhurumia hivyo, na bado sikujiuliza kitu.

Kilichonifumbua macho ni tamaa yangu mwenyewe. Kituo kimoja cha redio kilisema vijana wajirekodi wakisoma habari, watume. Nikajirekodi. Kusikiliza, nikasikia mtu anaongea kama amefunikwa na blanketi. Nikazima simu, nikawasha, nikajirekodi tena. Blanketi ni lile lile. Jumamosi nikiwa na ruhusa ya kwenda nyumbani, nikapitia kwa fundi wa simu pale Silibwet.

"Boss, hii simu unalimia?" akaniuliza akiitoa kava.

Alichomeka earphone zake zenye maiki, akaniambia niongee. Tukasikiliza. Sauti safi kabisa.

"Unaona? Simu ni nzima. Kuna kitu kimekaa mlangoni." Akawasha tochi, akanionyesha kitundu cha maiki kando ya mahali pa chaji. Kilikuwa cheusi ti. "Wewe ni mtu wa chai?"

"Ndio."

"Nilijua. Nyinyi mnashika simu na utomvu vidoleni, kidole kidogo kinashikilia hapa chini. Inaganda."

Nikamwambia nilikuwa nimefikiria kudunga na sindano.

"Ungeiua." Akachukua mswaki laini mkavu, akasugua polepole, simu ikiangalia chini. "Tangu lini?"

"Si kitambo sana," nikasema.

Tulijirekodi tena, na blanketi likawa limetoka. Kisha akaniambia nipigie mtu tuhakikishe. Nikampigia Kogo.

"Weri! Nakusikia! Kwani uko hapa mlangoni?" Akapiga kelele za furaha, nikamsikia akimwita shangazi. "Mungu amefungua masikio yangu! Kesho nitatoa ushuhuda!"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yenyewe ni machache: Kogo, ilikuwa simu. Badala yake nikasema, "Amina, Kogo."

Fundi aliniangalia. "Alikuwa mgonjwa?"

"Kidogo," nikamjibu, nikatoka haraka.

Asubuhi ya Jumapili Kogo alikuwa tayari amefunga kitambaa chake cheupe, anapika chai huku akiimba chini chini. Nilitaka kungoja amalize kunywa. Halafu nikamwona akifanya mazoezi ya ushuhuda wake, anaongea na sufuria, mkono mmoja umeinuliwa, nikashindwa kuvumilia.

"Kogo, haikuwa masikio. Ilikuwa simu yangu. Ilikuwa chafu."

Mkono ukashuka. "Sikuwa mgonjwa?"

"Hukuwa."

"Ulijua lini?"

"Jana."

"Kabla ya kuniambia amina, ama baada?"

Nilitamani aulize kitu kingine chochote. "Kabla," nikasema.

Hakunigombeza. Alinimiminia chai kikombe cha kwanza, kama kawaida yake. "Nimewaambia majirani wote," akasema. "Sasa nitasimama niseme nini?"

Kanisani hakusimama. Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda, majirani waligeuka kumwangalia, naye akaangalia Biblia yake. Niliwaza kuinuka mimi niseme ukweli. Nikabaki nimekaa.

Mama aliyepewa kazi ya nyimbo alianza juu mno. Watu wakajaribu, wakakwama mstari wa pili, wimbo ukakatika. Ndipo kutoka benchi la nyuma sauti ya Kogo ikaushika ule wimbo kutoka mwanzo, chini, mahali pake, na kanisa lote likamfuata.

Nilikuwa upande wa wanaume, nikageuka. Kogo alikuwa anaimba huku amemshika shangazi mkono, na kila baada ya mstari anamwangalia usoni, kuuliza kama ni sawa.