Sufuria Saba kwenye Kasha la Gitaa

Bendi ile ilikuwa na binadamu tisa na magitaa sita, na ukiuliza nani kati yao alisafiri kwa raha, jibu lilikuwa moja: magitaa. Binadamu walibanana ndani ya basi dogo, magoti yakigusa videvu. Magitaa yalilala nyuma, kila moja kwenye kasha lake gumu, limefungwa mikanda, blanketi chini na sponji ubavuni, kama wagonjwa wa heshima.

Aliyeyalaza hivyo alikuwa mwanamume mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili, wenzake wakimwita Mkunga. Hakuwahi kuzalisha mtu. Jina alilipata kwa sababu akipokea gitaa kutoka kwa mpigaji alilishika kichwa kwa kiganja kimoja na makalio kwa kingine, akalifuta jasho, akalitazama kama anahesabu vidole. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na saba. Kabla ya safari alilegeza nyuzi za kila gitaa, maana joto la njiani huzivuta mpaka shingo ikapinda. Wakifika, aliyaacha makasha yapoe kwanza ndipo ayafungue. Basi likisimama watu wakajisaidie, yeye hashuki. Wenzake walisema kibofu chake kimeshonwa. Walisema pia kwamba siku moja paa la basi lilivuja, Mkunga akavua shati, akavua suruali, akafunika makasha, akateremka mjini na chupi yake, huku akisalimia wakubwa kwa wadogo kwa adabu zote.

"Gitaa nje ya kasha," alipenda kusema, kidole juu, "ni mtoto nje ya mgongo."

Sasa mtu wa namna hiyo shetani hamwendei kwa mlango wa mbele. Humpitia jikoni.

Mke wake alikuwa amemwomba sufuria. Si moja: seti ya sufuria saba, kubwa inameza ndogo, kila moja na kifuniko chake. Aliomba miaka minne. Kwanza kwa upole, halafu kwa kununa, halafu kwa kupika kwenye ile kuukuu na kumpakulia mumewe upande wa masizi. Katika mji wa nne wa ziara, hatua chache kutoka nyumba ya wageni, Mkunga akaziona dukani zinameta. Akazinunua kabla akili haijamfikia.

Akili ilipomfikia ilimkuta amesimama barabarani na furushi linalolia kama kengele. Na Bosi wa bendi, mpiga besi mwenye sauti ya kutoka kisimani, alikuwa ameshasema: basi limejaa, kila mtu begi moja, asiyetaka akalale kwao. Begi la Mkunga halikutosha hata kifuniko kikubwa.

Basi asubuhi ile, wenzake wakiwa kwenye chai, alifungua kasha pana kuliko yote, akalitoa gitaa, akalizungushia shuka lake la kulalia. Sufuria akazipanga humo ndani, kubwa tumboni, ndogo zikifuatana kwenye shingo, akashindilia soksi katikati zisigongane. Kasha likakataa kufunga. Akalikalia, likakubali. Gitaa akaliweka juu ya makasha mengine, akalipapasa.

"Saa nne tu za njia," akaliambia. "Vumilia."

Lilikuwa gitaa la Dada Solo, binti mwembamba aliyepiga solo kwa macho yaliyofumbwa na ambaye umri wake ulikuwa sawa na wa kifungua mimba wa Mkunga. Baba yake, seremala, alilichonga kutokana na mlango wa kabati la nguo la mkewe. Tundu la ufunguo lilibaki palepale ubavuni mwa gitaa, na watu walidai ukichungulia unaona gauni la harusi limetundikwa. Yule seremala siku hizi haoni. Lingine kama hilo halingechongwa.

Dereva wa basi alikuwa mdogo wake mke wa Mkunga, shemeji mtu, na jina lake la barabarani Polepole. Aliendesha kama amepakia mayai na bibi harusi. Kikombe chake cha chai kilikaa mbele yake karibu na usukani, bila kifuniko, safari nzima, na hakikumwagika. Siku ile alikanyaga breki mara moja tu, punda aliposimama katikati ya daraja. Punda akawatazama mmoja mmoja, hakuona wa maana, akaenda zake.

Walifika kwenye ukumbi jua likiwa utosini. Wenzake wakaingia kuangalia jukwaa. Mkunga akazunguka nyuma akafungua mlango, na shuka likateleza. Akarusha mikono yake yote miwili, ile mikubwa ambayo haikuwahi kudondosha kitu. Ikadaka shuka. Gitaa likachomoka ndani yake kama samaki, likatua kwa kichwa kwenye zege.

Shingo ilikatika. Kichwa kikabaki kinaning'inia kwenye nyuzi.

Mkunga akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakukuwa na mtu. Na hapo, badala ya kupiga ukelele kama mwenye msiba, akafanya la pili, baya kuliko la kwanza: sufuria zikaingia kwenye shuka, gitaa likaingia kwenye kasha, mikanda ikafungwa vizuri sana. Shuka akaliburuta mpaka chini ya kiti chake. Alipoulizwa, alisema ni nguo chafu, na hakuna aliyetaka kuzigusa.

Jioni kabla watu hawajaingia, Dada Solo akafungua kasha mwenyewe. Hakulia. Alimwita tu Mkunga, "Baba, njoo uone," kwa sauti ya mtoto aliyeona nyoka na hana hakika kama ni kamba.

Wote wakaja. Bosi akapiga magoti, akagusa pale palipokatika.

"Mkunga, hiki ni nini?"

Mkunga alijua neno la kusema, lilikuwa pale kooni. Likatoka lingine.

"Labda… ile breki ya darajani."

Labda. Hakusema zaidi. Watu wote wakageuka kumtazama Polepole, aliyekuwa mlangoni anakula muwa.

"Breki gani?" Polepole akashangaa. "Shemeji, breki ile hata chai haikumwagika!"

"Chai yako ndiyo unayoilinda," Bosi akasema. "Kasha gumu, mikanda, blanketi, na bado shingo imekatika. Ulikanyagaje hiyo breki wewe?"

"Bosi, mimi? Naitwa nani mimi?"

"Lete funguo."

Polepole akamtazama shemeji yake. Alisubiri. Alisubiri muda wa kutosha mtu kumenya chungwa. Mkunga akainama akaanza kulegeza nyuzi za gitaa ambalo halikuwa na haja ya kulegezwa. Polepole akatoa funguo mfukoni, akazifuta kwa shati kama desturi yake, akamkabidhi Bosi, akaenda kutafuta gari la kumrudisha nyumbani.

Siku zilizobaki za ziara Bosi aliendesha mwenyewe, na aliendesha kama mtu anayefukuza mwizi. Kwenye kila tuta zile nguo chafu zilinguruma chini ya kiti. Mkunga alizikandamiza kwa miguu yote miwili, akaangalia dirishani. Hakuna aliyecheka. Walidhani ni basi linalalamika, na kila mmoja alimhurumia Mkunga. "Mzee wa watu amekonda," walisema. "Lile gitaa limemuuma kuliko mwenye gitaa." Wakamwachia kiti cha mbele. Wakampa nyama ya kwanza. Kila wema uliomfikia aliumeza kama msumari.

Nyumbani mke wake alipoziona sufuria alipiga kigelegele mpaka jirani akaja akidhani kuna mchumba. Akazipanga juu ya meza, akazitoa, akazirudisha, kubwa ikimeza ndogo.

"Baba watoto, leo nimekusamehe mpaka yale ambayo sijayajua," akasema.

"Hayo usiyasamehe kwanza," Mkunga akajibu. Mkewe akacheka, akadhani ni utani.

Jumapili akamwalika mdogo wake aje ale chakula cha sufuria mpya. Polepole akaja kwa miguu, amenyoa, amevaa shati la kupigwa pasi na uso wa mtu asiye na kazi. Akala sahani ya kwanza. Kwenye ya pili akaweka kijiko chini.

"Dada, nataka nikwambie kitu mbele yake mwenyewe. Mumeo ni mtu."

"Hilo nililithibitisha zamani," dada yake akasema.

"Sikiliza basi. Siku ile angeweza kusema, 'hakika ni breki'. Mwingine angesema hivyo ajiokoe. Yeye alisema 'labda'. Mtu anayelia moyoni kwa ajili ya gitaa, na bado akatafuta neno la kunifunika. Shemeji, ahsante."

Mkunga alikuwa na tonge mdomoni. Halikushuka, halikutoka. Mkewe akampigapiga mgongo, akampa maji, akamwambia ale kama mtu mzima.

Polepole alipoondoka, mke akaanza kuosha vyombo. Akaosha ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu akasita. Akaichungulia kwenye mwanga wa dirisha, akaingiza ukucha chini ya mpini, akatoa kitu chekundu, chepesi, kama unyoya.

"Hivi sufuria siku hizi zinaota manyoya?"

Mkunga akaanza kupangusa meza.

"Kitambaa hiki nakijua. Nilikishona kwa mkono wangu ndani ya lile kasha pana, mwaka jana, ukinisimamia kama fundi mkuu: 'mshono mdogo, mama watoto, mshono mdogo.'" Akaweka unyoya ule mezani kati yao. "Sufuria zililala kitandani. Mwenye kitanda alilala wapi?"

Mkunga akamwambia yote: shuka, zege, na lile labda. Alipomaliza, mkewe alijifuta mikono kwenye kanga. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Mkunga kuliko kama angemshikia mwiko.

"Ndugu yangu amekula hapa leo akakushukuru," akasema. "Kwenye sufuria hizo. Nami nikamwongezea mchuzi."

Akazifuta zote saba, akaziingiza moja ndani ya nyingine, akazisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Jioni ile alipika kwenye ile kuukuu.

Kesho yake mchana Mkunga akaenda kwenye chumba cha mazoezi. Wote walikuwepo. Angeweza kumvuta Bosi pembeni, lakini Polepole hakuvuliwa heshima pembeni. Akasimama katikati, kati ya spika mbili, mikono yake imekosa mahali pa kwenda.

"Shemeji yangu hakuvunja kitu," akasema. "Niliondoa gitaa kwenye kasha niweke sufuria. Likaniponyoka mlangoni. Mimi."

"Uweke nini?" Bosi akauliza.

"Sufuria."

"Ngapi?"

"Saba. Na vifuniko."

Mpiga dramu akapasuka kicheko. Akakuta anacheka peke yake, akakikatisha katikati, akajifanya anakohoa. Bosi akazima spika moja, akazima ya pili. Bora angetukana.

Dada Solo alikuwa kwenye kigoda na gitaa lile mapajani. Fundi alikuwa ameliunga kwa gundi na vijiti viwili. Mshono ulionekana kama kovu la shingoni.

"Baba," akasema, "lilitoa mlio gani?"



"Mara moja tu, mwanangu. Kama mlango ukibamizwa."

Binti akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyekuwa anasubiri kujua hilo tu, akaendelea kukaza uzi wake.

Bosi mwenyewe alimfuata Polepole nyumbani kwake siku hiyohiyo, akamwomba radhi barazani, majirani wakisikia. Mkunga hakufukuzwa. Bosi alisema miaka kumi na saba si ya kutupa kwa ajili ya vyombo vya jikoni, ila akiona hata kijiko kwenye basi lake watagawana njia.

Ziara iliyofuata Polepole alikuwa kwenye usukani, kikombe chake mahali pake. Mkunga akamsogelea dirishani.

"Shemeji, umeamkaje?"

"Salama, mzee," Polepole akajibu, akitazama kioo cha pembeni. "Umemaliza kupakia?"

Mzee. Tangu Mkunga amuoe dada yake, Polepole hakuwahi kumwita hivyo.

"Bado moja," Mkunga akasema, akaenda nyuma. Alikuwa ameshalaza matano, mikanda, blanketi, sponji, na ameacha nafasi ya la sita. Dada Solo akaja na kasha lake. Mkunga akanyoosha mikono yote miwili, kama alivyoinyoosha miaka kumi na saba.

Binti akasimama mbele yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haya, kama vile kosa ni lake.

"Samahani, baba," akasema kwa sauti ya chini. "Hili nitalipakata mwenyewe."

Akamzunguka kwa adabu, akapanda, akakaa na kasha mapajani, magoti yamembana mpaka kidevuni. Mkunga akabaki nyuma ya basi, mikono bado imenyooka, mpaka Polepole alipowasha gari na Bosi akapaza sauti kuuliza wanamsubiri nani.