Maiki Iliyouma Midomo

Majina yao wote watatu ninayo kichwani, na ya mama zao pia, lakini sitayaandika. Mmoja ni mjukuu wangu. Nimemlea tangu mama yake alipofariki, na sina mwingine. Yeye aliimba na kupiga gita. Wa pili alikuwa msichana wa gita la besi, binti wa muuza vitambaa. Alitoka kwao na buibui, akifika kwangu ananipa nimtundikie nyuma ya mlango. Wa tatu alipiga ngoma. Siku za kazi alikuwa kibarua Industrial Area pamoja na mjukuu wangu.

Muziki wao waliuita roki. Si benga, si wa kanisa. Ni kelele yenye huzuni ndani yake, na maneno ya Sheng ambayo nusu yake siyajui. Walipiga kwenye ukumbi wa hapa estate, watu wakatoka mmoja mmoja. Walipiga kwenye harusi, wakaombwa wapumzike kabla hata keki haijakatwa. Lakini hawakuacha. Jumamosi mimi nachambua sukuma wiki ya kuuza sokoni Muthurwa, nimekaa kitandani, wao wako sebuleni wanapiga mpaka vikombe vinatetemeka.

Kitu kimoja sikukielewa. Kabla ya kuimba, mjukuu wangu aliigusa maiki kwa mgongo wa mkono, kidogo tu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Msichana naye vivyo hivyo. Nilipouliza, mjukuu akasema wanaisalimia. Nikacheka. Jirani aliyewaona dirishani hakucheka. Alienda kuwaambia wengine kwamba kwangu watoto wanakula kiapo.

Halafu nikauona mdomo wa mjukuu wangu. Kidoa cheupe, ngozi imekufa. Akasema ni chai. Chai ya nyumba hii naipika mimi, na yeye huinywa ikiwa imepoa. Kwa hiyo nikamngoja mpiga ngoma, maana huyo kudanganya hajui. Akaniambia stima inapita kwenye vyombo. Ukishika nyuzi za gita kisha mdomo uguse maiki, inakurusha. Ndiyo maana wanaijaribu kwa mgongo wa mkono: ukiijaribu kwa kiganja, vidole vinajifunga vyenyewe, huwezi kuachilia.

Niliketi chini. Stima yetu kila mtu anaijua. Ni waya ulioteremshwa kutoka kwenye nguzo, ukapitishwa nyumba hadi nyumba, mstari mzima, bila mita. Nikaita fundi. Akafungua soketi, akaifunga tena haraka. Akasema hapo hakuna waya wa kuipeleka stima ardhini, na yeye hatatia mkono. Wa kuitengeneza ni watu wa kampuni ya stima wenyewe. Nikapeleka neno hilo kwa majirani. Walinisikiliza kwa adabu mpaka nilipotaja kuwaita hao watu. Baba mmoja mwenye friji ya kuuzia soda akaniambia polepole, "Mama, wakija hawatakata ya kwako peke yako." Tangu siku hiyo nikipita, mazungumzo yanakatika, na yanaanza tena nikishapita.

Nikamwambia mjukuu waache. Akasema hawawezi, sasa wameitwa kupiga mjini, kwenye baa ambako watu huja kusikiliza roki. Ni mara ya kwanza wao kutafutwa. Ikienda vizuri, ataacha kibarua.

"Huko mjini stima yao ni safi, Shosho," akasema. "Ni haya mazoezi tu."

Msichana alikuwa anafunga kamba za viatu. "Mimi nikifia hapa, Shosho, baba ataniua mara ya pili."

Tulicheka wote. Hata nikiwa nacheka, kicheko kile sikukipenda.

Basi nikaingia bendi. Niliweka stuli kando ya swichi ya ukutani, nikashika mwiko mkavu, maana fundi alikuwa amesema stima haipiti kwenye mti mkavu. Kutoka hapo nyimbo zao sikuzisikia tena. Nilitazama midomo ya mjukuu wangu tu, ikiisogelea ile maiki waliyoivika sponji, ikirudi nyuma, ikisogea tena.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kwenda mjini, mvua ilinyesha. Paa linavuja, na maji yalikuwa yamepita chini ya kapeti bila sisi kujua. Mjukuu wangu akafika ile sehemu ya wimbo ambapo hufumba macho na kupaza sauti. Sauti ikakatika. Nilidhani amesahau maneno. Kisha nikaiona shingo yake, imekakamaa kama inavutwa kwa kamba, na vidole vimeng'ang'ania gita. Msichana akanyoosha mkono amshike.

"Usimguse," nikasema, na nikaipiga swichi kwa mwiko.

Alianguka juu ya ngoma. Alikuwa anapumua. Tulimlaza, tukamfungua vifungo, tukangoja. Alipoketi alikuwa na damu mdomoni, ameuuma ulimi. Akatutazama mmoja mmoja, mwisho akanitazama mimi.

"Washa, Shosho. Tumalizie huo mmoja."

Nikautazama uso wake nione kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoogopa akiwa ameshikwa na stima.

Sikuwasha. Msichana alivaa buibui lake taratibu, akanishika mkono kwa muda mrefu, akaenda. Hajarudi. Mpiga ngoma aliwapigia simu wenye baa kuwaeleza kwamba hawaendi, na jioni hiyo wakachukua bendi nyingine. Ngoma zake ziko kanisani sasa, na yeye hulinda geti usiku. Mjukuu wangu alikaa muda mrefu bila kuniambia zaidi ya shikamoo na usiku mwema.

Juzi alianza kuongea tena. Tulikuwa tunakula. Akaniambia kuna kundi huko Kayole linatafuta mwimbaji, na wana mahali pao pa mazoezi, gereji ya mabati karibu na mto. Alikuwa na furaha, macho yanang'aa. Nikamuuliza stima wanaitoa wapi.

Akasema hajauliza.