Pedali ya Mjomba Linus

Mwanangu, weka hiyo spana chini kwanza, ukae. Nimesikia unataka kuifumua ile pikipiki kuukuu uliyoipata, uipake rangi nyekundu na kuiwekea usukani wa kisasa. Sikukatazi. Ila siku ninayokwenda kukusimulia naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako asisikie nimesema hivyo.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, hapa hapa Ifakara, masika yamekaza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Morogoro kujifunza ufundi kwenye gereji kwa miezi minane. Miezi minane tu, lakini nilitembea kifua mbele kana kwamba injini niliivumbua mimi.

Mjomba wangu Linus, kaka yake mama, alikuwa dresa. Kazi yake ilikuwa kupeleka dawa Namawala na vijiji vya huko, kuchoma sindano na kufunga vidonda. Alikuwa na pikipiki ya Kimarekani ya jeshi, iliyobaki baada ya vita, akaachiwa na padri mmoja aliyehamishwa. Ilikuwa nzito, rangi yake kijani iliyofifia, tandiko lake la ngozi likiwa juu ya springi. Kila kitu kilikuwa vilevile kilivyotoka kiwandani, na mjomba hakuruhusu hata skrubu ibadilishwe. Masika barabara zikifunikwa na maji, yeye alikwenda kwa mtumbwi na pikipiki ikabaki kwetu. Mwaka ule akaniachia mimi niisafishe. Alisema niisafishe, basi.

Nikaichungulia, nikachanganyikiwa. Pikipiki zote nilizozigusa Morogoro zilikuwa za Kiingereza, klachi mkononi, gia mguuni. Hii gia yake ilikuwa fimbo yenye kirungu, imesimama ubavuni mwa tangi la mafuta. Klachi ndiyo ilikuwa mguuni, pedali pana, unakanyaga mbele kwa vidole na nyuma kwa kisigino. Nikaizunguka mara tatu. Nikajiuliza, dereva auachie usukani ndipo abadilishe gia, ni akili gani hiyo? Nikaona jibu ni moja tu: askari waliiunga vibaya huko vitani, na mjomba maskini ameteseka miaka yote bila kujua. Kuuliza si ujinga, hilo tulifundishwa wote. Lakini mimi fundi wa Morogoro, nimuulize nani?

Nikafanya kazi wiki tatu. Nyuma ya gereji ya misheni palitupwa pikipiki mbovu ya Kiingereza, nikaomba usukani wake na waya, nikapewa. Klachi nikaipandisha mkono wa kushoto, gia nikaishusha mguuni kwa vyuma nilivyokunja mwenyewe. Ile pedali na ile fimbo ya gia nikavipeleka kwa mhunzi kule Lumemo. Ndivyo tulivyofanya kabla ya mavuno: unampelekea mhunzi chuma, anakata kipande chake cha ujira, wewe unarudi na visu vya kukatia mpunga. Nikarudi na visu vinne. Mama na dada zangu wakasema chuma cha Mmarekani kina makali, nami nikavimba kichwa.

Maji yalipopungua mjomba akaja asubuhi, sanduku la dawa begani. Namawala kulikuwa na watoto wenye homa kali wakimsubiri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza hali ya pikipiki kabla ya hali ya mama. Nikaitoa nje inang'aa. Akapanda. Mguu wake wa kushoto ukatafuta pedali, ukaikosa, ukatafuta tena.

"Nimeirekebisha, mjomba," nikamwambia. "Klachi sasa iko mkononi. Bonyeza tu."

Akautazama mkono wake wa kushoto. Akanitazama mimi. Sikuelewa kwa nini habonyezi, nikarudia kumwelekeza kwa sauti kubwa zaidi, utadhani tatizo ni masikio yake.

Mwanangu, mkono ule ulikuwa na kidole gumba na kingine kimoja. Vitatu vilichukuliwa na mamba mto Kilombero, enzi za ujana wake, akitega nyavu. Gia ya kwenye tangi aliisukuma kwa kiganja, klachi aliikanyaga, hakuhitaji vidole. Pengine Ifakara nzima hapakuwa na pikipiki nyingine ambayo angeweza kuiendesha. Nami mkono huo nilizaliwa nikaukuta hivyo, ulinibeba, ulinilisha, na wiki zote tatu sikuufikiria hata mara moja. Mpaka leo sielewi macho yangu yalikuwa wapi.

Nikamwambia apande nyuma nimpeleke. Kabla hatujatoka mjini, vyuma vyangu viling'oka na gia ikagoma. Mjomba akashuka, akajitwisha sanduku, akaenda Namawala kwa miguu katika tope lile.

Nikakimbia Lumemo. Mhunzi alitaka kucheka, akauona uso wangu, akaacha. Maji yakimwagika hayazoleki. Pedali ilikuwa shambani, mikononi mwa mama yangu, inakata mpunga. Nikachonga nyingine ya mti, ikavunjika. Nikakunja nyingine ya chuma cha kitanda, ikateleza. Na kipimo cha ile ya kwanza sikuwa nacho, maana sikuipima.

Siku ya tano mjomba akarudi. Mtoto mmoja alikuwa ameshazikwa alipofika. Angefika kwa pikipiki, je, angemponya? Sijui. Hakuna aliyeniambia, nami sikuthubutu kuuliza. Nikapiga magoti mbele yake. Akaninyoshea ule mkono wa vidole viwili.

"Aliyeiunda pikipiki ile hajawahi kuniona," akasema, "na kazi yake ilinifaa. Wewe umekula na mkono huu tangu una meno mawili."

Mwanangu, nimezeeka na neno hilo. Kwa hiyo nakuambia: kitu cha zamani usichokielewa, usikihukumu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kila pedali, kila skrubu, hata ile rangi iliyochakaa, kuna mtu aliiweka kwa sababu yake, na sababu hiyo haipotei kwa kuwa wewe huioni. Uliza. Ukikosa wa kumuuliza, isafishe, itie mafuta, iache ilivyo. Ukilazimika kukitoa kitu, kipime, kifunge kwenye kitambaa, kitunze. Na kabla hujamsaidia mtu, mwangalie kwanza mtu mwenyewe.

Mungu akupe mikono mipole na macho yanayoona watu wako. Akuepushe na kosa lisilo na kipuri, na akikujalia uzee, uwe na makosa machache ya kuwasimulia wanao kuliko mimi.