Mizigo ya Msiba

Jirani yetu hubeba mizigo ya wateja kwa kirikuu, pikapu ndogo ya familia, yenye namba za njano za gari binafsi. Leseni ya usafirishaji, kila siku atakata wiki ijayo. Akiona kizuizi cha polisi huzima redio na kufuta viganja kwenye suruali. "Vyakula vya msiba, afande." Shangazi, wajomba, binamu, wote ameshawazika barabarani. Juzi nilimsindikiza, tukatoka Gairo na mahindi ya watu. "Amefariki nani?" askari akauliza. Jirani akajibu: "Mama." Tukapewa pole, tukapita. Mbele kidogo akaegesha, akampigia mama yake. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Viganja vilimlowa, wala hakuvifuta.